Nimemaliza Eldest usiku wa jana, na ni Roran mwenye nyundo aliyeninyima usingizi

NyarDunga · Kisumu · Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Wadau wa riwaya, hamjambo. Umeme ulikatika mtaani tangu magharibi, nikamalizia kurasa sabini za mwisho kwa tochi ya simu. Saa nane kasoro nikafunga kitabu. Usingizi haukuja. Nilikaa mlangoni nikisikiliza vyura wa upande wa ziwani, na niliyekuwa namfikiria si Eragon wala Saphira joka wake. Ni Roran, yule asiye na joka.

Onyo kabla sijaendelea: nitatoboa siri za kitabu cha kwanza na cha pili. Ambaye bado anasoma aje akimaliza, uzi hautahama.

Kwa wageni wa mfululizo huu, mwandishi ni Christopher Paolini wa Montana, Marekani. Alianza kuandika hadithi hii akiwa na miaka 15. Wazazi wake wakakichapisha kitabu cha kwanza, Eragon, wao wenyewe mwaka 2002, naye akawa anazunguka shuleni na maktabani kukinadi akiwa amevaa mavazi ya karne zilizopita. Mwaka uliofuata mchapishaji mkubwa akakichukua. Eldest, cha pili, ikatoka Agosti 2005.

Eragon nilikisoma kidato cha pili. Kilikuwa cha msichana wa bweni letu, na kilizunguka mikononi mwa watu hadi jalada likabanduka. Kiliponifikia kilikuwa kimevalishwa gazeti. Yai ndilo lililonikamata. Eragon, mvulana wa shamba, anaokota jiwe la bluu msituni, analipeleka kwa Sloan mwenye bucha akabadilishe na nyama, Sloan anakataa, kumbe ni yai la joka. Mkumbukeni huyo Sloan, nitamrudia.

Kwamba kuna kitabu cha pili, sikujua miaka yote hiyo. Mwezi uliopita, Jumapili, napita Kibuye kwa wauza vitabu vya mitumba, naona jalada jekundu na uso wa joka umenikazia macho kati ya vitabu vya kemia. Shilingi 250. Sikuvutana sana na muuzaji, nilijua naenda nacho. Zaidi ya kurasa 600. Nimekisoma kibandani kati ya mteja wa kutoa pesa na mteja wa kuweka, na nyumbani usiku.

Sasa lililonileta. Kwenye kitabu cha kwanza Roran ni mtu wa kupita. Anaaga mapema kwenda kufanya kazi kwenye kinu, apate pesa amwoe Katrina, basi, hatumwoni tena. Eldest inamrudisha nyumbani kukiwa hakuna nyumba. Garrow baba yake amekufa, shamba limeteketea, Eragon ambaye wamelelewa sahani moja ametoweka bila neno. Kisha askari wa mfalme wanapiga kambi nje ya kijiji chao, Carvahall, pamoja na Ra'zac, wale viumbe wanaokula watu. Wanamtaka yeye. Roran hana upanga wala hajui neno lolote la uchawi. Ana nyundo aliyoitoa kwa Horst mhunzi.

Mwandishi angeweza kutuacha tukae na joka kurasa zote 600 na sote tungefurahi. Yeye anamwacha joka msituni anarudi kijijini, kwa watu wenye magunia na ng'ombe na wajawazito. Elain mke wa Horst ana mimba kubwa na anapanda mlima na wenzake. Sloan, yuleyule wa bucha, anamuua mlinzi wa kijiji na kuwauza majirani zake ili amrudishe binti yake Katrina kutoka kwa Roran, na mwisho binti mwenyewe ndiye anayechukuliwa. Nilimchukia Sloan hadi nikaweka kitabu chini. Halafu nikaelewa kwamba ni baba anayemwogopea mwanawe, nikachukia zaidi kwamba nimeelewa.

Na Birgit. Hapa ndipo nilipolala nimekodoa macho. Mumewe Quimby aliuawa na kuliwa, na kwake yeye aliyeleta balaa ni Roran. Anamwambia usoni kwamba atamfuata, atapigana naye bega kwa bega, na yote yakiisha atamdai damu ya mumewe. Na kweli anafuata! Sura kwa sura yuko palepale, deni halijapungua hata kidogo. Mimi watu wa namna hii nimeishi nao. Mtu hajakusamehe miaka mitano, lakini siku ya msiba kwenu ndiye wa kwanza kufika na ndoo ya maji.

Wanavuka milima, wanafika pwani, wanaiba meli, wanapita kwenye kile kizingia cha maji kinachomeza merikebu. Baba yangu ni mvuvi, na ile sura ya makasia niliisoma nimesimama.

Ninyi mlimwonaje Roran?

Kalamu_Busia · Ijumaa, saa 2:02 asubuhi

Dada NyarDunga, kwa Roran sina ubishi. Lakini tuwe wakweli kuhusu nusu ya pili ya kitabu, ile ya Ellesméra. Eragon anafika kwa waelvu, wale watu wa msituni wenye uchawi, kujifunza, basi tunakaa huko. Asubuhi mazoezi ya viungo. Mchana kukaa juu ya kisiki msituni akisikiliza siafu mpaka awajue wote. Jioni upanga na Vanir, ambaye anamdharau. Kesho yake tena. Katikati ya hapo anampenda Arya, mwelvu, anakataliwa, anajaribu tena, anakataliwa vibaya zaidi. Kila nikifungua sura na kukuta ni Ellesméra nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki nirudi kwa Roran.

Cha kwanza kilikuwa na mbio. Unafukuzwa kutoka ukurasa wa mia mpaka mwisho. Mimi bado nakiweka mbele.

Mwalimu_Kakamega · Ijumaa, saa 4:40 asubuhi (mapumziko)

Kalamu, ndugu yangu, hapo Ellesméra ndipo lilipo jambo kubwa kuliko yote katika kitabu hiki, na Mswahili analielewa haraka kuliko wenye lugha nyingine nyingi.

Kumbukeni kwenye kitabu cha kwanza Eragon anambariki mtoto mchanga kwa lugha ya kale, ile ambayo neno likitamkwa huwa kweli. Anaondoka ameridhika. Kitabu cha pili, Oromis mwalimu wake anamwomba arudie baraka ile neno kwa neno, na akiisikia uso unambadilika. Eragon alitaka kumwombea mtoto akingwe na shari. Alichosema ni kwamba mtoto awe ngao. Skölir badala ya sköliro. Herufi moja, o ya mwisho.

Mimi nafundisha Kiswahili. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa naisahihisha kila wiki kwa kalamu nyekundu. Jumanne iliyopita niliandika ubaoni maneno mawili, "ukinge" na "ukingwe", nikawauliza kidato cha tatu tofauti ni nini. Wakajibu upesi, ni w. Nikawasimulia habari za Elva, ndilo jina la mtoto yule: mtoto anayehisi maumivu ya kila aliye karibu naye, ambaye mwili wake unamsukuma kwenda kuyazuia hata kama hataki, amekua miaka kadhaa kwa miezi michache, ana macho ya urujuani na sauti ya mtu mzima aliyechoka. Yote kwa sababu ya herufi moja iliyoachwa. Darasa zima lilinyamaza. Nimefundisha kauli ya kutendwa miaka kumi na minne na sijawahi kuona watu wakiihuzunikia.

Kwa hiyo sura zile unazozihesabu, Kalamu, mimi nazisoma kama sura za mwanafunzi anayegundua amemwumiza mtu wakati akidhani anamfanyia wema. Joka wake hawezi kumsaidia hapo. Upanga hauwezi.

NyarDunga · Ijumaa, saa 5:10 asubuhi

Mwalimu, umenisimamisha wateja wawili nikisoma hapa.

Elva anapoingia kwa Nasuada, kiongozi wa waasi wanaopigana na mfalme, mara ya kwanza nilidhani ni mzimu. Halafu anasema anavyojisikia, nikataka kumchukua nimlaze. Hiyo "ukinge" na "ukingwe" sikuiona kabisa, na sasa sitaweza kutoiona.

Niongeze na yangu kuhusu lugha. Kwa Kiingereza Garrow ni ami au mjomba, neno ni hilo hilo, hujui. Lakini Selena mama yake Eragon ni dada yake Garrow. Kwetu basi Garrow ni mjomba, na mtu kulelewa ujombani ni hadithi nyingine kabisa na kulelewa kwa ndugu wa baba. Unapendwa, unalishwa, na bado siku moja kuna mtu atauliza kwenu hasa ni wapi. Kitabu cha kwanza Eragon anaulizwa swali hilo pembeni. Kitabu cha pili kinamjibu kwa upanga, pale uwanda unaofuka moshi, rafiki yake Murtagh anapovua kofia ya chuma.

Kalamu, urefu wa Ellesméra nakubali kidogo. Ile karamu ya waelvu ingeweza kuwa nusu yake. Lakini nakuomba usome tena sura ya kisiki. Anawasikiliza siafu, panya, ndege, mpaka anaona kila kimoja kinavyotaka kuishi, na siku hiyo nyama inamshinda mdomoni. Niliisoma nikiwa nimeagiza samaki wa kukaanga hapa Dunga. Samaki nilimla, lakini polepole, na nikimtazama.

KijanaWaNakuru · Ijumaa, saa 7:25 mchana

Nimesoma uzi wote kwanza. Nataka kuongea juu ya Carvahall.

Januari 2008 nilikuwa na miaka minane. Tulitoka upande wa Molo usiku, tukaishia uwanja wa maonyesho Nakuru, kwenye mahema, na watu wengi sana. Ninachokumbuka si moto. Nakumbuka baba na mama wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu cherehani. Ni nzito, iache. Ni ya kazi, tutakula nini huko. Mwishowe baba aliibeba begani, mama akabeba sufuria na mtoto, mimi nikapewa kuku mmoja nimshike miguu. Kuku alinifia njiani nikaogopa kusema.

Vitabu vingi vya vita nilivyosoma vinaonyesha jeshi na mfalme. Hiki kinaonyesha kijiji kikigawanyika usiku mmoja: huyu anasema twende, huyu anasema sitaacha kaburi la mke wangu, huyu anamwangalia Roran kama yeye ndiye adui. Kuna wanaokataa kuondoka na hadithi inawaacha hapo hapo, haiwahukumu. Kwetu pia kuna mzee alibaki. Nilipofika ile sura ya kupanda milima na wazee na watoto, nilifunga kitabu nikampigia mama simu. Hatukuongea habari za kitabu. Nilimwuliza tu kama cherehani bado iko. Iko. Ndiyo iliyonilipia karo.

Roran mwenyewe ananitia hofu kidogo. Anahesabu watu aliowaua, moyoni, mmoja mmoja, na hesabu inapanda. Nilikuwa na binamu aliyebadilika hivyo mwaka ule.

NyarDunga · Ijumaa, saa 7:41 mchana

KijanaWaNakuru, pole sana ndugu yangu. Asante kwa kutuambia. Nimeisoma mara mbili.

Ile hesabu nami niliiona. Nadhani mwandishi anataka tuione. Sifa ikipanda, jina la Nyundo likienea, yeye anahesabu.

MtotoWaMwalie · Bungoma · Ijumaa, saa 11:50 jioni

Mmenikuta nyumbani kabisa. Sisi Wabukusu joka tunamjua kabla ya vitabu hivi. Mango alimuua Yabebe pangoni, pale panapoitwa Mwiala wa Mango hadi leo. Lilikuwa joka linalomaliza watu na mifugo, mashujaa wameshindwa. Mango akaingia pangoni likiwa limetoka, akangoja gizani, liliporudi akalikata kichwa. Wazee husimulia kwamba kichwa kile kiliruka kikauma mti, na mti ukakauka pale pale. Baada ya hapo ndipo Mango akatahiriwa, na ndiyo maana Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, vijana wakikimbia na njuga, jina lake halikosi kwenye nyimbo.

Kwa hiyo mimi niliingia kwenye Eragon nikiwa na joka moja tu kichwani, la kuuawa. Kitabu cha kwanza kilinishangaza kwa joka la kupendwa. Cha pili kimenifanyia kubwa zaidi: Glaedr, joka wa dhahabu aliyekatwa mguu wa mbele, mzee, mwalimu. Na Oromis mwenye kumpanda, mgonjwa, hawezi tena kufanya uchawi mkubwa. Wako wawili tu wamefichwa msituni miaka mia moja wakingoja mwanafunzi mmoja. Mzee mwenye kilema anayefundisha, huyo tunaye kila kijiji. Babu yangu mkono mmoja haukunyooka tangu nimjue, na ndiye aliyenisimulia habari za Mango.

Ile siku Eragon anaanguka kwa maumivu ya mgongo, tena na tena, na Oromis anamtazama kwa sababu na yeye huanguka hivyo, mimi nilielewa kwa nini sura zile ni ndefu. Maumivu ya mgongo hayaishi kwa ukurasa mmoja.

Fundi_Ahero · Ijumaa, saa 2:30 usiku

Samahani kuingilia, sijasoma hata kimoja. Naweza kuanzia hiki cha pili? Nimeona kwa jirani.

NyarDunga · Ijumaa, saa 2:44 usiku

Karibu Fundi. Mwanzoni mwa Eldest kuna muhtasari wa kitabu cha kwanza na mwishoni kuna maelezo ya matamshi na maneno ya lugha ya kale, kwa hiyo hutapotea. Lakini anza na Eragon. Hadithi inafunguka siku tatu baada ya vita vya mwisho vya kitabu cha kwanza, Ajihad kiongozi wa waasi anauawa kwenye sura ya mwanzo kabisa, na kama hukumjua hutamlilia. Filamu ya 2006 usiitumie kama njia ya mkato. Imeacha mambo mengi ambayo kitabu cha pili kinayategemea.

Vikuu viko vinne: Eragon, Eldest, Brisingr wa 2008 na Inheritance wa 2011. Vilikusudiwa kuwa vitatu, hadithi ikamzidi. Kisha mwaka 2023 kimetoka kimoja cha Murtagh peke yake. Mimi niko cha pili, kwa hiyo naomba wote mnaojua yaliyo mbele, mnihurumie.

MamaWawili_Siaya · Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Nyathina, mwanangu NyarDunga, habari za asubuhi. Kitabu hiki nimekisoma kwa sababu ya kijana wangu wa miaka kumi na tatu. Jirani tunayesali naye aliona jalada mezani akaniambia majoka ni ya Ufunuo sura ya kumi na mbili, joka kubwa jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, na mimi namwachia mtoto. Sikumjibu. Nilichukua kitabu nikakisoma mwenyewe, kwanza ili nijue. Kufikia Nasuada nilikuwa sisomi tena kwa ajili ya mtoto.

Hakuna aliyemtaja Nasuada vizuri hapa, na mimi nimemkalia hapo. Baba yake Ajihad amekufa juzi, wazee wa baraza wanamchagua wakidhani wamepata kisichana cha kukituma, na yeye anajua wanavyodhani. Kisha jeshi linakula, halina pesa. Anawaza nini? Lesi. Anatambua kwamba lesi ni ghali kwa sababu inachukua wanawake wiki nyingi kuifuma, basi anawakalisha wachawi waifume kwa maneno yao, aiuze, anunue chakula. Yule kiongozi wa wachawi anaona ni aibu, sanaa yake kubwa ifanye kazi ya kitambaa. Nasuada anamsimamia mpaka anakubali.

Mimi nafuma vitambaa vya kochi, na chama chetu kimenunua matangi matatu ya maji kwa vitambaa hivyo. Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Lakini nikajiuliza pia, wale mama wanaofuma kwa mkono katika nchi ile ya Surda, bei ikianguka hivyo, wao walikula nini? Ningependa mwandishi angetuonyesha mmoja wao, hata kwa ukurasa mmoja.

Na jirani nilimwambia hivi: ndani ya kitabu hiki wako majoka, na yuko mtoto aliyedhurika kwa baraka iliyosemwa vibaya. Akauliza ni vipi. Nikamsimulia. Ameniomba kitabu.

Mwalimu_Kakamega · Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Mama, shikamoo. Umenikumbusha jambo la joka lenyewe. Mmeona sote humu tumeandika kwa namna mbili bila kupanga? Yabebe ni "joka linalomaliza watu". La Ufunuo ni "lenye vichwa saba". Saphira ni "joka wake", Glaedr ni "joka aliyekatwa mguu". Linaloogopwa tumeliweka kwenye ngeli ya jitu. Mwenye akili na jina tumemweka na watu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza ni lipi sahihi. Nikamwambia aandike "joka huyu" kama amewahi kusikia anachofikiri.

Kalamu_Busia · Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Nimeamka na uzi huu. Mwalimu na MtotoWaMwalie, nimerudia sura nne za Ellesméra jana usiku kwa ajili yenu. Kisiki nakipa. Kipindi cha Oromis na baraka nakipa chote, nilikuwa nimekipita haraka kwa sababu nilikuwa na hamu ya vita. Karamu bado ni ndefu, na Arya bado namwonea huruma, mtu amekataa mara ya kwanza aachwe.

Lakini sasa niseme langu, maana hamjaligusa. Joka wa tatu. Jalada la NyarDunga ni jekundu, na kitabu kizima unasubiri huyo wa kwenye jalada. Anatokea mwishoni kabisa, Thorn, mwenye umri mdogo kuliko umbo lake linavyoonyesha, amekuzwa kwa nguvu. Na juu yake Murtagh, rafiki tuliyedhani amekufa sura ya kwanza. Wanampiga Eragon. Eragon huyu ambaye karamu ile imemponya mgongo na kumpa nguvu za kielvu, bado anapigwa! Na Murtagh hafurahi. Amefungwa kwa viapo vya lugha ya kale, jina lake la kweli liko mkononi mwa mfalme. Anamwua Hrothgar mfalme wa mbilikimo, halafu anamwacha Eragon hai kwa kutafuta upenyo ndani ya maneno ya amri aliyopewa. Anachukua upanga na kusema sisi ni ndugu.

Basi kitabu kinachoanza na neno lililokosewa kinaishia kwa mtu anayepona kwa sababu neno la amri lilikuwa na nafasi. Hilo sikuliona mpaka Mwalimu alipoandika ubao wake.

KijanaWaNakuru · Jumamosi, saa 3:52 asubuhi

Na dakika chache baadaye, mnakumbuka Roran anafanya nini akimwona Eragon? Ngumi ya uso. Kabla ya kukumbatiana. Ndugu wa damu amemwacha na jeraha la maneno, wa kulelewa naye anampiga ngumi kisha anakaa. Mimi nilijua hapo ndugu ni nani.

NyarDunga · Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

KijanaWaNakuru, ile ngumi! Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Miezi yote ile Roran ametembea na hasira ya shamba na baba, na kwenye meli ndipo amekuwa akimeza habari kwamba binamu yake ni Mpanda Joka. Hajui aanze wapi, mkono unaanza. Kisha Eragon anamwahidi watakwenda pamoja kumtoa Katrina.

Hapo ndipo kiliponiacha. Je, alivyosema Murtagh, kwamba yeye na Eragon ni wana wa baba mmoja, ni kweli? Msinijibu! Mwalimu, naona umeandika kisha ukafuta.

Mwalimu_Kakamega · Jumamosi, saa 4:18 asubuhi

Nimefuta. Soma tu, binti.

Kalamu_Busia · Jumamosi, saa 4:30 asubuhi

Dada, Brisingr ninayo hapa. Nitaifunga vizuri niiweke kwenye gari la saa sita la Kisumu, uifuate steji. Ukimaliza itume Bungoma kwa MtotoWaMwalie, ameniomba pembeni. Usiikunje kurasa.

MamaWawili_Siaya · Jumamosi, saa 5:00 asubuhi

Na baada ya Bungoma ije Siaya. Mtoto wangu ameshaandika jina lake kwenye foleni.

NyarDunga · Jumamosi, saa 11:35 jioni

Nimeichukua. Imefungwa kwa magazeti mawili na mfuko wa sukari, asante sana Kalamu. Jalada ni la dhahabu. Glaedr.

Nimesimama hapa nje ya steji nikasema nisome mistari mitatu tu. Kurasa za mwanzo kabisa Eragon na wenzake wamelala kifudifudi nyuma ya kilima cha mchanga wanautazama mlima wa Ra'zac, na Roran yuko pale ubavuni mwa Eragon na nyundo yake. Kibanda leo nafunga mapema.